Dramu Ishukiwe Mwisho

Mashine ya kufulia ikianza kunguruma, au ikisimama katikati ya kazi na maji yakiwa bado tumboni, hukumu hutolewa upesi: dramu imekufa. Kwa mkazi wa Bomang'ombe, wilayani Hai, hukumu hiyo ina gharama. Mashine ya mlango wa mbele inayobeba kilo 7 za nguo, yenyewe ina uzito wa kilo 60 hadi 70, kwa sababu ndani yake kumefungwa vitalu vya zege vya kuituliza inapokamua. Kuitoa uani, kuipakia kwenye guta au nyuma ya Noah, kuifikisha kwa mafundi wa Moshi mjini, kilomita 25 hivi kwa barabara ya Arusha, kisha kuirudisha, ni fedha na siku nzima kabla bisibisi haijagusa skrubu hata moja. Na ikifika huko imekwisha kubandikwa ugonjwa isiokuwa nao, fundi mwenye haraka ataanza kuifungua pale pale alipoelekezwa. Ninachotetea katika sura hii ni utaratibu ulio kinyume na mazoea: dramu ishukiwe mwisho. Kelele na migomo ya mashine hizi mara nyingi chanzo chake kiko nje ya dramu, na chanzo hicho kinaweza kutambuliwa nyumbani kwa macho, masikio na mikono, mara nyingi plagi ikiwa imechomolewa.

Sababu ya kwanza imo katika umbo lenyewe. Dramu ni bakuli la chuma kisichoshika kutu, lenye matundu, lisilo na waya wala kitu cha kuungua. Mgongoni mwake kuna mguu wa vyuma vitatu, ambao mafundi huuita spaida, na katikati ya spaida hutoka shafti. Shafti inapita kwenye beringi mbili zilizopachikwa nyuma ya tangi la plastiki linaloshika maji, na mbele ya beringi hizo kuna sili ya mpira inayozuia maji yasizifikie. Nje ya tangi kuna puli kubwa, mkanda, na mota chini yake. Tangi lote, pamoja na dramu, mota na zege, linaning'inia kwenye springi na kushikwa na shokapu kwa chini. Kwa hiyo dramu haifanyi jambo lolote kwa hiari yake: inabebwa, inaning'inizwa, inazungushwa, na husubiri maji. Kila kimoja kati ya hivyo vinne kinaweza kuharibika bila dramu kuwa na kosa, na vyote vinatoa dalili zinazofanana masikioni mwa mtu aliyesimama sebuleni.

Tuanze na kinachoning'inizwa, kwa kuwa ndiko kelele kubwa zaidi hutoka. Chukua dramu yenye nusu kipenyo cha sentimita 24 inayokamua kwa mizunguko 1,200 kwa dakika. Kila gramu 100 za nguo zilizorundikana upande mmoja huvuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 39 hivi. Nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo ukipunguza mizunguko hadi 600 inashuka hadi robo, chini kidogo ya kilo 10. Hesabu hii inaeleza kwa nini mashine iliyotulia wakati wa kufua inaweza kutembea sakafuni wakati wa kukamua, ilhali hakuna kilichovunjika. Inaeleza pia kwa nini sakafu ni mshukiwa wa kwanza. Nyumba nyingi za hapa zilijengwa kabla mwenyewe hajafikiria kununua mashine, kwa hiyo mashine huishia kibarazani au uani, juu ya saruji iliyoinamishwa makusudi ili maji ya mvua yatiririke. Bonyeza pembe mbili za juu zinazokabiliana, kisha zile nyingine mbili. Mashine ikinesa, kelele imepatikana, na dawa yake ni kuzungusha miguu yake hadi yote minne ikanyage sawasawa, halafu kukaza nati zake.

Katika kundi hilo hilo zimo bolti za usafirishaji, ambazo huhukumiwa isivyo haki pande zote mbili. Mashine mpya ya mlango wa mbele huja na bolti tatu au nne nyuma yake, zinazolibana tangi lisicheze njiani. Asiyejua akiiwasha bila kuzitoa, mashine hupiga kishindo cha kutisha na dramu huonekana kama imekwama. Mashine iliyotumika, inayokuja kwa meli kutoka Ulaya au Ghuba, mara nyingi ina tatizo la kinyume: bolti zake zilitupwa miaka mingi nyuma, na tangi limesafiri likigonga ubavu huku na huku. Kabla ya kuilaumu beringi ya mashine ya mtumba, fungua mlango, sukuma tangi zima kwa nguvu kuelekea chini, kisha liachie. Springi hulirudisha juu, na shokapu nzima hulituliza mara moja. Likiendelea kucheza juu na chini, shokapu zimechoka, au springi imechomoka kwenye ndoano yake. Ni kazi ya nusu siku kwa fundi, wala haihitaji kufungua tangi.

Kuna kipimo kimoja ninachokithamini kuliko vyote, na hakina gharama yoyote. Endesha mzunguko wa kukamua peke yake, dramu ikiwa tupu kabisa. Mashine ikinyamaza ikiwa tupu na kupiga kelele ikiwa na nguo, tatizo liko kwenye mzigo, sakafu, au shokapu. Ikinguruma hata tupu, kwa sauti inayopanda kadiri mwendo unavyopanda, hapo ndipo mtu ana haki ya kutaja beringi. Kwa kipimo hiki cha dakika kumi unaondoa nusu ya washukiwa, na inasikitisha kuona mashine ngapi hufunguliwa bila mtu kukifanya.

Mzigo wenyewe unastahili maneno yake. Huku chini Bomang'ombe ni joto na vumbi, lakini kwa ndugu wa Machame usiku ni wa baridi, na blanketi zito ni nguo ya kawaida katika ukoo. Blanketi moja likifuliwa peke yake hunywa maji, hujikunja upande mmoja, na mashine ya kisasa, inapohisi uzito haujasambaa, hukataa kukamua. Itazunguka polepole, itasimama, itajaribu tena, kisha itakata tamaa. Mwenye nyumba huona dramu iliyokwama, kumbe ni mashine inayojilinda. Ongeza taulo mbili za kusawazisha, au likamue kwa mkono kidogo uanze upya. Sabuni nayo hufanya hila ya namna hiyo. Unga wa kufulia kwa mkono umetengenezwa kutoa povu jingi kwa sababu mfuaji wa kwenye beseni hulitazama povu kama dalili ya usafi. Ndani ya tangi lililofungwa povu hilo hujaa kati ya dramu na tangi, huizuia dramu isishike kasi, na hufunika pampu isimalize maji. Mashine ikigoma kukamua na kwenye kioo cha mlango kuna weupe mtupu, iachie itulie, iendeshe kwa maji matupu, na safari ijayo tumia unga wa mashine au robo ya ule wa kawaida.

Sasa umeme na maji, na hapa mazingira yetu yana neno. Mashine za matangi mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia, ambazo ni nyingi kwa sababu ni nafuu na hujazwa kwa ndoo, hutumia mota za kapasita. Nguvu ya mota ya aina hiyo ya kuanza kuzunguka hupungua kwa mraba wa volti. Umeme unaopaswa kuwa volti 230 ukishuka hadi 180, kama unavyoweza kushuka jioni kwenye laini ndefu kila nyumba inapowasha, mota inabaki na asilimia 61 tu ya nguvu yake. Itavuma bila kuzunguka, na harufu ya waya wa moto itaanza. Zima mara moja. Jaribu tena asubuhi na mapema kwa mzigo ule ule. Ikizunguka asubuhi na kugoma jioni, mashine haina kosa. Ikivuma tu nyakati zote, lakini ukiisukuma kidogo inaondoka, basi kapasita imechoka, kipuri kidogo cha bei ndogo. Msukumo huo ufanywe kwa kijiti kirefu cha mbao, na kwenye upande wa kufulia tu; tangi la kukamulia lisiguswe likiwa na umeme. Kelele ya kukwaruza upande wa kukamulia huwa ni breki. Chini ya kifuniko kuna waya unaovuta breki ili iachie kifuniko kikifungwa. Waya ukilegea, breki hubaki imeshika na tangi hukwama au hulia.

Maji ndiyo watu huyasahau kabisa. Mashine nyingi za mlango wa mbele hazizungushi dramu kama inavyopaswa mpaka kihisio cha kina kithibitishe kuwa maji yamefika. Maji ya bomba ya mji huu hushuka kwa mserereko kutoka vyanzo vya miteremko ya Kilimanjaro, kupitia mradi wa Uroki–Bomang'ombe, na penye mgao au bomba la mbali watu hutegemea simtanki juu ya stendi. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa msukumo wa baa 1 hivi. Tangi lililoinuliwa mita 3 linatoa baa 0.3, ilhali vitabu vingi vya maelekezo huandika baa 0.5 au 1 kuwa kima cha chini. Ongeza kichujio kidogo kilichopo pale mpira wa maji unapoingia mashineni, ambacho masika hujaa tope na mchanga, na utaona kwa nini mashine inakaa kimya dakika ishirini kisha inalalamika. Kipimo chake ni rahisi: anza mzunguko, kisha mimina lita tano hadi nane za maji polepole kupitia droo ya sabuni. Dramu ikianza kuzunguka, hapakuwa na dramu iliyokwama. Palikuwa na maji yasiyofika.

Baada ya hayo yote, chomoa plagi na uingize mkono. Mkono huuliza swali moja kubwa: dramu inazunguka au haizunguki? Ikizunguka kwa wepesi mno, bila kuhisi uzito wowote wa mota ukiifuata, mkanda umekatika au umetoka kwenye puli; panya wanaoingia kwa chini ya mashine za kibarazani huumaliza mkanda kwa usiku mmoja. Ikizunguka kwa uzito wa kawaida lakini haiendi kwa umeme, tazama kaboni za mota, kwenye mashine zenye mota ya aina hiyo, kwani kaboni hulika na kufupika hadi zisiguse tena. Ikizunguka kidogo na kugota mahali pale pale kila mara, kuna kitu kati ya dramu na tangi: sarafu, msumari, soksi ya mtoto, au waya wa sidiria, ambao kwa umbo lake hupenya matunduni kuliko kitu chochote kingine. Mwangaza wa tochi kupitia matunduni huku ukizungusha polepole huuonyesha, na mara nyingi koleo jembamba hutosha kuuvuta. Kuna pia mashine nyembamba za kufungulia juu zenye milango midogo kwenye dramu yenyewe. Mlango huo ukifunguka ndani, hunasa tangi na dramu hukwama kabisa. Usiilazimishe hata kidogo, maana nguvu ya hasira hapo hupasua tangi. Kwa mashine nyingine, dramu isipozunguka hata kwa mikono miwili, toa mkanda kwanza. Dramu ikiachia, aliyekwama ni mota. Ikibaki imekwama, hapo beringi imeshikana kwa kutu.

Kelele inahitaji subira zaidi, kwa sababu sikio hudanganywa na bati la ubavu linalotetema. Jiulize inatokea lini. Ikitokea wakati wa kumwaga maji tu, ni pampu, na ndani ya kichujio cha pampu utakuta kifungo au jiwe dogo. Ikitokea polepole, tiki moja kila mzunguko, ni kitu kilichonasa. Ikiwa ni mlio mkali wa mpira mwanzoni mwa kila mzunguko, ni mkanda unaoteleza. Mngurumo mzito unaopanda na mwendo ndio wa beringi, na huthibitishwa hivi: shika ukingo wa juu wa dramu kwa ndani, uinue na kuushusha. Tangi na dramu vikicheza pamoja, ni springi tu, si beringi. Dramu ikicheza peke yake huku tangi limetulia, beringi zimelika. Kisha zungusha taratibu huku sikio likiwa karibu na mgongo wa mashine, na usikilize mkwaruzo wa mchanga. Fungua bati la nyuma utazame pale shafti inapotokea: michirizi ya kahawia inayoshuka kwenye tangi ni maji yaliyopita kwenye sili na kuosha grisi. Ushahidi huo wa tatu ukikutana na ule wa mkono na wa mzunguko mtupu, shauri limekwisha.

Nasisitiza mpangilio huu kwa sababu beringi, zikithibitishwa, hazitishi kama watu wanavyodhani. Vipimo vyake ni vya kimataifa. Beringi namba 6205 ina tundu la milimita 25, kipenyo cha nje cha 52 na upana wa 15, iwe imetoka kwenye mashine ya Kijerumani au pampu ya Kihindi. 6206 ni 30, 62 na 16. Namba imechongwa ubavuni mwake, na hiyo ndiyo inayonunuliwa Moshi mjini, wala si jina la mashine. Sili ndiyo ngumu kuipata, na ndiyo isiyopaswa kurudishwa ya zamani kwa namna yoyote: kubadili beringi na kuacha sili iliyovujisha ni kununua kutu mpya. Mchanga laini wa tambarare zetu, unaoletwa na nguo za shamba na za barabarani, huula mdomo wa sili, kwa hiyo kukung'uta nguo kabla ya kuzitia mashineni ni kinga nzuri. Shafti ikiwa imechimbika pale sili inapokaa, mkereza vyuma anaweza kuivisha pete mpya. Wilaya ya Hai, yenye kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools, si mahali pa kuogopa kazi ya chuma.

Kuna wanaopinga utaratibu huu, na hoja zao ni nzito. Wa kwanza husema: hii ni kazi ya fundi, na mwenye nyumba akijitia ufundi ataua mashine au atajiua. Nusu ya hoja hii naikubali bila masharti. Kapasita hubaki na umeme hata plagi ikitolewa, na bodi za mashine za inveta huweza kushika volti za kuua kwa dakika kadhaa. Mikono isiyofunzwa isifike huko, na sakafu yenye maji isikanyagwe mashine ikiwa inafanya kazi. Lakini kutambua ugonjwa si kuutibu. Vipimo nilivyoeleza hufanywa ama bila umeme ama kwa kuiendesha mashine kama kawaida, bila kufungua kitu zaidi ya bati la nyuma, na fundi mwenyewe hunufaika: anayeambiwa "tupu inanguruma, dramu inacheza peke yake, nyuma kuna kutu" huja na beringi mkononi. Anayeambiwa "mashine mbovu" huja kutazama, na atarudi tena. VETA Moshi inafundisha mafundi umeme. Sisi wenye nyumba tunaweza kujifunza kuwaeleza tulichokiona.

Wa pili husema mashine za leo hujieleza zenyewe kwa namba na herufi kwenye kioo. Zinaeleza dalili. Mashine ya LG ikiandika LE inasema mota imeshindwa kuzunguka. Haisemi kama ni kwa sababu ya nguo kuzidi, kitu kilichonasa, au mota yenyewe. Ikiandika UE inasema mzigo haujasawazika, na hilo linaweza kuwa blanketi, sakafu, au shokapu. Herufi hizo huelekeza kipimo cha kuanza nacho, na hapo ndipo mwisho wa msaada wake.

Hoja ya tatu ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Mashine nyingi mpya zina tangi lililounganishwa kwa joto, lisilo na bolti, kwa hiyo hata ukijua ni beringi utauziwa tangi zima na dramu yake. Utambuzi una faida gani basi? Faida yake ni kujua kabla ya kutoa fedha. Wapo mafundi wanaokata tangi kwa msumeno kwenye mshono wake, hubadilisha beringi, kisha hulifunga kwa silikoni na bolti ndogo. Kazi hiyo hufaa ikifanywa kwa uangalifu, na huvuja ikifanywa kwa pupa. Mwenye mashine anapaswa kuichagua akijua, si kuikuta imekwisha kufanywa. Kwa mashine zilizouzwa Ulaya kuna njia nyingine. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2019/2023, iliyoanza kutumika Machi 2021, inawataka watengenezaji wawe na vipuri kwa mafundi kwa angalau miaka 10 baada ya modeli kuacha kuingizwa sokoni, na orodha yake inataja dramu, spaida na beringi. Mwenye ndugu huko anaweza kuagiza kwa namba ya modeli iliyobandikwa mlangoni.

Linabaki shauri moja ambalo dramu, au tuseme mguu wake, ndiyo mkosaji kweli. Spaida kwa kawaida ni ya aloi ya aluminiamu, na imefungwa kwenye chuma kisichoshika kutu. Vyuma viwili tofauti vikikaa kwenye maji yenye sabuni kali, aluminiamu huliwa polepole, na unga wa sabuni unaobaki nyuma ya dramu kwa sababu ya kuzidishwa huharakisha. Siku mguu mmoja unapopasuka, dramu huyumba kama ringi ya baiskeli iliyopinda. Dalili yake huonekana kwa kuzungusha kwa mkono na kutazama nafasi kati ya ukingo wa dramu na raba ya mlango: ikipanuka na kufinyika kila mzunguko, ilhali beringi hazichezi, ni spaida. Mashine hiyo isiwashwe tena hata kwa nguo moja, kwani kipande kilichovunjika hutoboa tangi mashine ikikamua. Uliza bei ya spaida peke yake kabla ya kukubali dramu nzima, na dramu nzima kabla ya tangi. Jibu la mwisho likizidi nusu ya bei ya mashine nyingine iliyo nzima, toa mota, pampu na shokapu uziuze kwa fundi, kwani hizo bado zina kazi ya kufanya ndani ya mashine ya mtu mwingine.